Utingo Asiyejua Njia

Wanaosifu gari limshikialo dereva usukani hawajafika Somanga. Kamera yake husoma mstari mweupe. Mei 2024, mafuriko ya kimbunga Hidaya yalipoikata barabara ya Lindi, mstari huo ulikuwa wapi? Tena magari yetu mengi ni mitumba ya Japani: hutuonya kwa Kijapani, nasi twaitikia "haya". Kilwa hii, aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331, iliwajua marubani kabla neno hilo halijapaa na ndege: watu waliosoma rangi ya maji, wakaulizwa, wakajibu. Mashine nani ataihoji? Sikatai breki ijishikayo mbuzi akikatiza Nangurukuru. Nakataa dereva asinzie na wana wetu nyuma yake, kisha tuambiwe alisaidiwa.