Kumcheka MC Aliyedondosha Meno Jukwaani ni Ushamba Tu

Klipu imeshafika kila kundi la WhatsApp mjini. MC mmoja wa harusi, yule anayejulikana kwa suti za kumeremeta, anaita ukoo wa bwana harusi waje kutunza. Anavuta sauti, ukumbi unaitikia, mara meno mawili ya mbele yanaruka mpaka kwenye kapeti. Jamaa anaziba mdomo kwa kiganja, anamsukumia DJ maiki, anainama kuokota. Sekunde chache tu, ila mpaka asubuhi alikuwa ameshapewa jina jipya: MC Pengo.

Wabongo kwa kuchamba hawajambo. Kuna aliyeandika arudishe hela za watu, kuna aliyetaka kamati ya harusi imnunulie gundi. Vicheko kibao.

Sasa cha ajabu ni hiki. Watu haohao, wiki hiyohiyo, walikuwa wamejaa kwenye ukurasa wa mdada mmoja wa tamthilia aliyetokelezea na meno mapya meupe pee, kila mmoja anamwaga makopakopa. Yale nayo si ya kuzaliwa nayo. Yule ana maganda ya kauri yaliyogandishwa juu ya meno yake, na mara nyingi ili ganda likae vizuri jino halisi linapunguzwa kwa kusagwa, na jino likishasagwa halioti tena. Kwa hiyo aliyesaga meno mazima anaitwa mrembo, aliyepoteza meno akatafuta mbadala anaitwa kituko. Hapo kinachochekwa siyo bandia. Kinachochekwa ni bei.

Maana tusidanganyane, mji huu kila mtu kabandika kitu. Wigi, kope, kucha, mpaka hipsi za sponji. Hakuna anayezima taa kwanza ndipo avue wigi. Ila meno bandia ni siri ya kufa nayo, na siri hiyo ndiyo inayowaumiza watu vinywani.

Tena siyo mambo ya mabibi na mababu peke yao. Vijana wanapoteza meno kwa ajali za bodaboda, kwa mpira, kwa ngumi za baa. Wengine jino linatoboka, wanameza panadol miezi sita, wanafika kwa daktari wakati halitibiki tena, linang'olewa. Kuna ugonjwa wa fizi, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa ndiyo yuko kwenye hatari zaidi. Hata wakubwa wa dunia yaliwakuta. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Watu wanasema alivaa meno ya mbao, si kweli. Yalitengenezwa kwa vitu kama pembe za kiboko, meno ya binadamu na madini. Aliongoza nchi hivyohivyo.

Sasa angalia aibu inavyofanya kazi. Mwenye meno ya kuchomoa akiogopa mume, mke au hata mwenzake wa geto asimwone na pengo, analala nayo. Kila siku, mwaka mzima. Chini ya yale meno kunakuwa na joto, unyevu na mabaki ya chakula, yaani nyumba ya fangasi. Kaakaa linakuwa jekundu, pembe za mdomo zinachanika, harufu inaanza, na yeye anamalizia pipi za minti. Huko Japan waliwafuatilia wazee wenye umri wa miaka 80 na kitu, wakakuta wanaolala na meno bandia hatari yao ya kupata nimonia ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wasiolala nayo. Na kama ni kajino kamoja tu ka plastiki kasikoshika vizuri, mtu anaweza kukameza usingizini au kakaingia njia ya hewa.

Aibu hiyohiyo ndiyo inamkimbiza mtu hospitali, anaibukia kwa fundi wa uchochoroni anayemtengenezea meno usiku, bila kuangalia fizi, bila kuuliza kama ana mzizi uliobaki ndani. Yakilegea haendi kulalamika, maana ataonekana. Ananunua supa gluu dukani. Ile gundi haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo, inaunguza nyama laini, na meno yaliyogandishwa vibaya hayakai tena sehemu yake. Inawezekana kabisa MC naye ndiko alikopitia, nani anajua. Ila ukweli ni kwamba meno yaliyopimwa vizuri na kufuatiliwa hayaruki ovyo kwa kelele za "shangweee".

Kwa hiyo badala ya kuchekana, watu wajue mambo machache.

Kwenye kuchagua, kwanza ni daktari wa kinywa na meno, siyo bei ya ofa. Yeye ndiye anayeangalia meno yaliyobaki, fizi na mfupa. Baada ya kung'oa, fizi na mfupa vinaendelea kupungua kwa miezi kadhaa, ndiyo maana meno yaliyovaliwa siku ileile ya kung'oa yanalegea haraka na lazima yarekebishwe. Anayeambiwa asubiri asione anazungushwa.

Aina zipo. Ya plastiki ngumu ndiyo yanapatikana kirahisi, yanatengenezeka yakivunjika, ila ni manene kidogo. Yenye fremu ya chuma ni membamba na imara, gharama iko juu. Yale ya kunyumbulika hayana vikulabu vya chuma vinavyoonekana, watu wa kamera wanayapenda, ila kuyarekebisha ni shughuli. Kuna daraja linalogandishwa moja kwa moja, halichomolewi, ila meno ya jirani mara nyingi yanasagwa ili kulishika. Kuna na kupandikiza kwa skrubu ndani ya mfupa, hiyo inataka mfupa wa kutosha, usafi na mfuko ulionenepa. Hakuna aina iliyo bora kwa kila mtu. Muhimu ni kuuliza bei yote mapema: kung'oa, kipimo, meno yenyewe na marekebisho ya baadaye.

Rangi nayo ni akili. Wengi wanadai meupe kuliko yote, wanatoka wakiwa na kigae cha bafuni katikati ya meno yao ya kawaida. Rangi inachaguliwa kwenye mwanga wa mchana, ikilinganishwa na meno yaliyobaki. Na kitu ambacho watu hawaulizi kabisa ni rangi ya fizi. Waafrika wengi fizi zetu zina weusi au hudhurungi, halafu mtu anapewa fizi ya pinki kama bazoka. Rangi za fizi nyeusinyeusi zipo duniani, kwa hiyo kuulizia ni haki ya mteja.

Kwenye kutunza, wala haina gharama. Yanaoshwa kila siku kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kisha yanasuuzwa vizuri. Dawa ya meno siyo nzuri kwake, inakwaruza plastiki na kwenye mikwaruzo ndiko uchafu unakojificha. Maji ya moto hapana, yanapinda. Jiki nayo isizoeleke, inapausha rangi na kuharibu chuma. Wakati wa kuosha, beseni lenye maji au taulo liwekwe chini, maana yakiponyoka kwenye sakafu ndiyo basi tena. Usiku yanatolewa na kulazwa kwenye kikombe cha maji safi ili yasikauke, na fizi zinapata kupumua. Meno halisi yaliyobaki, fizi na ulimi vinapigwa mswaki kama kawaida. Halafu angalau mara moja kwa mwaka mtu arudi kwa daktari, kwa sababu taya linabadilika ila plastiki haibadiliki. Na kidonda kinachokaa zaidi ya wiki mbili kisisingiziwe meno mapya, kikaangaliwe.

Ukiyasoma yote hayo, hakuna hata moja linalowezekana kwa mtu anayejificha. Kikombe cha maji kinahitaji meza ambayo mwenza anaiona. Kurudi hospitali kunahitaji mtu asiogope kuonwa na jirani kwenye benchi. Kila anayetuma ile klipu na emoji za kulia kwa kicheko anamfundisha kijana mwingine mwenye pengo kwamba bora alale nayo, bora agandishe na gundi, bora asicheke kabisa kwenye picha za familia.

MC yule anakula kwa mdomo wake. Anastahili meno yanayokaa, na ukumbi wa kumwambia "pole kaka, endelea" kisha shughuli ikaendelea. Wanaomjua wamwambie arudi kwa daktari akapimwe upya, siyo arudi kwa mwenye gundi.

Wewe je, mtu wako wa karibu akivua meno usiku ungemchukuliaje? Na kwa nini wigi sawa, meno hapana? Tiririka hapo chini kwenye komenti, ila matusi kaa nayo.