Kabla Ununulie Shosho Hiyo Paketi

Wasee wa Kitengela, leo sina vichekesho. Leo niko na hasira.

Shosho yangu anaishi Kajiado. Mwaka jana aliona uvimbe kwa titi. Kabla atuambie, kuna mtu alishamuuzia paketi za unga, eti ni "seli shina", zinarudisha mwili utotoni. Alikunywa miezi mitatu. Uvimbe ukazidi kukua. Sahii yuko kwa matibabu, na daktari alituuliza kitu kimoja tu: mlikuwa wapi?

Nikaanza kusoma. Seli shina za kiinitete ni zile za mwanzo kabisa, hazijaamua kama zitakuwa ngozi, mfupa ama damu. Kuna jeni zinazoziweka hivyo na kuziambia zigawanyike. Ukikua, baadhi ya hizo jeni hulala, zingine huendelea kufanya kazi kwa adabu. Noma huanza zikikosa adabu.

Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, huko Kyoto, waliwasha jeni 4 kwa seli za kawaida za panya, zikarudi kuwa kama za kiinitete. Yamanaka alipata Nobel 2012. Lakini moja ya hizo jeni ni c-Myc, na 2007 timu yake iliripoti kwamba panya waliotokana na seli hizo walipata uvimbe, kwa sababu c-Myc iliamka tena.

Na c-Myc si mgeni huku kwetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe kwa taya. Baadaye ikajulikana kwamba kwa saratani hiyo, c-Myc imehamishwa kutoka mahali pake kwa kromosomu na haizimiki. Ni kama matatu ya Namanga Road: dere amekanyaga mafuta na breki hakuna.

Kwa hivyo muuzaji anijibu. Kama hiyo paketi haina seli hai, anauza jina tu. Kama inazo, tumbo litazisaga kama nyama choma. Na kama kuna mtu anataka kukudunga seli za aina hiyo bila utafiti na bila usimamizi, huyo anacheza na breki zako.

Sisemi seli shina ni uongo. Kupandikiza uboho kumeokoa wagonjwa wengi wa saratani ya damu. Lakini hiyo hufanywa hospitalini na madaktari, si kwa grupu ya WhatsApp.

Ukweli usemwe: hawa watu hawauzii wajinga. Wanauzia watu wenye uoga. Shosho aliogopa kusikia neno saratani, na sisi hatukuwahi kumuuliza anaendeleaje kwa dhati.

Leo piga simu nyumbani. Uliza. Ukisikia kuna uvimbe, usitume paketi. Tuma nauli ya hospitali, ama bora zaidi, mpeleke mwenyewe.