Mbuzi wa Zhongwei

Safari hii twawapeleka mbali, hata vilima vikavu vya Ningxia, kaskazini-magharibi ya China, wakaako ndugu zetu Waislamu wa kabila la Hui. Mto Manjano hupita katika jimbo hilo, lakini maji yake hayapandi vilimani, na huko ndiko alikozoea kuishi mbuzi wa Zhongwei.

Mbuzi huyu kwa kawaida ni mweupe, na dume na jike wote wana pembe. Hula vichaka vigumu vya nchi ya ukame. Hutoa nyama na sufu laini, lakini sifa yake kubwa ni ngozi ya mtoto wake: afikapo siku 35 hivi, nywele zake huwa na mawimbi yang’aayo, naye huchinjwa kwa ajili ya makoti ya baridi. (Kwa udhuhia hafai huyo. Hui hufuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wao hutaka mbuzi aliyetimiza mwaka. Sisi wa Imamu Shafi twataka miaka miwili.)

Lakini mbuzi wakizidi huacha kilima uchi, na upepo ukachukua udongo. Kwa hiyo mwaka 2003 serikali ya Ningxia ilikataza kuchunga mifugo nje katika jimbo zima, nao mbuzi wakaingizwa mabandani. Huku kwetu watu wa Kondoa walikwisha onja jambo kama hilo mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika vilima vilivyomomonyoka.

Hapa twataka vijana wafikiri. Husemwa kwamba mbuzi huyu ni mvumilivu. Ni kweli, lakini uvumilivu wake ulikuwa katika miguu ya kupanda na midomo ya kutafuta. Ndani ya kuta nne haumfai kitu. Chakula chake chote kimo mikononi mwa mwenyewe: mabua ya mahindi, majani ya lusini, maji na chumvi. Mtume wetu (s.a.w.), ambaye naye aliwachungia watu wa Makka mbuzi wao, alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Paka mmoja tu! Basi mwenye mbuzi 40 na majani ya kuwatosha 15, na awauze 25 wangali wanono. Ningxia baridi ni kali na ya miezi mingi, na majani ya miezi hiyo hukatwa wakati wa joto.