Triumph Trident: Fahari iliyochelewa sokoni

KILA pikipiki ya Triumph Trident inapotangazwa kuuzwa, wapenzi wa vyombo vya kale huisifia mngurumo wa silinda zake tatu. Wachache hukumbuka kwamba pikipiki hiyo ni ushahidi wa jinsi kusitasita kwa wakuu kulivyochangia kuangamiza viwanda vya Uingereza.

Wahandisi Bert Hopwood na Doug Hele walikuwa wameunda mfano wa kwanza katikati ya miaka ya 1960. Hata hivyo, kampuni ya BSA, iliyomiliki Triumph, ilikawia kuamua, kisha muda zaidi ukapotea katika kuibadilisha sura. Ilipozinduliwa mwaka wa 1968, Honda ya Japani ilikuwa tayari mlangoni. CB750, iliyoingia sokoni mwaka wa 1969, ilikuwa na silinda nne, breki ya diski na kitufe cha kuiwasha. Trident iliwashwa kwa kupigwa teke.

Si kwamba Trident ilikuwa dhaifu. Mojawapo, iliyobandikwa jina Slippery Sam, ilishinda mbio za Isle of Man miaka mitano mfululizo, 1971 hadi 1975. Lakini ushindi huo haukuinusuru BSA, ambayo ilianguka mwaka wa 1973. Wafanyakazi wa Triumph huko Meriden walikikalia kiwanda chao ili kisifungwe. Toleo la 1975 lilipopata kitufe, maji yalikuwa yamezidi unga.

Anayeinunua leo anapata kazi ya mafundi hodari. Ni vyema akumbuke kuwa makosa ya wakuu yaligharimu ajira za mafundi hao hao.