Mbwa wa shamba: bora watatu wanaokula kuliko kumi wenye njaa

Niliahidi kuendelea na viwavijeshi vamizi, lakini hiyo itasubiri wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu mbwa. Ndiyo, mbwa. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa maneno. Ila ninyi mnaolima kando ya msitu, huku kwetu chini ya milima ya Uluguru, hamtacheka. Mnajua mahindi yanavyoweza kuisha kwa usiku mmoja.

Nguruwe pori haji peke yake. Anakuja usiku na familia yake, na hali kistaarabu: anaangusha bua zima, anang'ata hindi mara mbili, anahamia bua lingine. Kwenye muhogo ndo usiseme, anafukua kama kashika jembe. Wengine wanamchanganya na ngiri, lakini ngiri ni wa mchana, usiku yuko shimoni amelala. Anayekumaliza saa nane za usiku ni nguruwe pori. Kukipambazuka inaingia zamu ya nyani na tumbili. Kwa hiyo anayelima pembezoni anatakiwa aamie mchana na usiku, na mwili wake ni mmoja. Ndiyo maana tangu enzi za babu zetu dungu lilikuwa na mbwa chini yake.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua si wote watayapenda. Mbwa wengi tulio nao vijijini hawalindi kitu. Mtu ana mbwa kumi, hawalishi, kwa imani kwamba mbwa mwenye njaa ndiye msasi mzuri. Jamani, si kweli. Mbwa mwenye njaa anawinda kwa ajili ya tumbo lake, si kwa ajili ya shamba lako. Akipata panya njiani anaishia hapo hapo. Akisikia harufu ya jalala anakuacha gizani na tochi yako. Na siku ya tatu ya mfululizo hana nguvu ya kupanda kilima, anashuka kula mayai ya jirani, halafu kesi inaletwa kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa kitongoji cha juu. Chuoni tulisoma ng'ombe, mbuzi na kuku, mbwa hatukupewa hata kipindi kimoja. Mzee alikuwa na mbwa wanne na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Jike mkubwa alikuwa ndiye pua, yeye ndiye aliyejua nguruwe wameingilia upande gani. Shingoni alimfunga njuga, ili akiwa ndani ya mahindi mzee ajue yuko wapi bila kuwasha tochi. Dume mmoja kazi yake ilikuwa kubweka tu, tena kwa sauti nzito. Mwingine alikuwa jasiri, anatangulia. Wa nne alikuwa mtoto wa yule jike, yuko mafunzoni.

Nilimuuliza anafundishaje. Akanijibu, "Simfundishi mimi, bwana shamba. Anafundishwa na mama yake. Mimi namfundisha kitu kimoja tu, kuja nikimwita." Alikuwa anamwita mtoto kwa mluzi ule ule kila siku wakati wa chakula, tangu akiwa na miezi miwili. Akifika, anakula. Hakumpiga hata siku moja kwa kuchelewa kurudi, maana mbwa akipigwa anaporudi, anachojifunza ni kwamba kurudi ni kubaya. Tangu akiwa mdogo alimfungia karibu na mbuzi wa nyumbani, akawazoea, asije akawaona ni mawindo. Alipofikisha miezi kama sita ndipo akaanza kumpeleka dunguni usiku, kwa kamba kwanza.

Na jambo kubwa kuliko yote: mzee hakutaka mbwa wake waue. Alitaka wabweke, wafukuze hadi mpakani mwa shamba, kisha warudi kwa mluzi. Nguruwe dume akibanwa anageuka, na meno yake ya chini yanachana mbwa tumbo kama wembe. Nimeshashona majeraha ya namna hiyo kwa mikono yangu, wengine walipona na wengine hapana. Mbwa anayefukuza atakutumikia miaka mingi kuliko anayekamata.

Chakula chao kilikuwa ugali wa dona na dagaa, au mchuzi wa vichwa vya samaki. Walikula asubuhi, baada ya kazi. Jioni alikuwa anawapa kidogo tu, kwa sababu mbwa aliyeshiba sana hakimbii vizuri. Mchana walifungwa kivulini, maji yako pembeni. Ukipiga hesabu, chakula cha mbwa wanne waliotunzwa kwa msimu si kitu ukilinganisha na magunia yanayookolewa.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Kila robo mwaka huwa najaza taarifa ya mifugo ya kijiji. Ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, kuku wangapi. Kwenye mbwa, kwa miaka minne, nilikuwa nakadiria. Sikuhesabu. Nilikaa mezani nikaandika 60, mwaka uliofuata nikaandika tena 60. Mwaka jana ilipokuja chanjo ya kichaa cha mbwa, zikaletwa dozi kulingana na namba yangu. Mbwa waliokuja walikuwa zaidi ya mara mbili. Saa tano asubuhi dozi zikaisha. Yule mzee alikuwa ametembea tangu alfajiri na mbwa wake wanne kwenye kamba, kafika akakuta tunafunga kasha. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, samahani, tutarudi." Hatukurudi.

Miezi minne baadaye yule dume jasiri akabadilika. Akawa hataki kula, anang'ata kamba, mate yanamtiririka. Akamng'ata mjukuu wa mzee mkononi, mtoto wa miaka saba. Bibi yake, Mungu ambariki, hakupaka dawa ya kienyeji wala pilipili. Alimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda mrefu, kisha wakaanza safari. Kituo cha kwanza walikuta chanjo imeisha. Cha pili wakapata, wakauza mbuzi wawili ili wamudu sindano na nauli za kwenda na kurudi. Mtoto ni mzima, anasoma. Lakini wanakijiji waliwaua mbwa wote wanne siku ile ile, na siwalaumu, walikuwa na hofu. Mwezi wa tano mahindi yalipoanza kukomaa, shamba la mzee halikuwa na mlinzi. Kati ya ekari moja na nusu alivuna magunia mawili.

Mzee hajawahi kunilaumu. Mimi najua ile 60 niliiandika na nani.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo machache. Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Si mara moja kwa maisha. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na unamwamini. Kichaa kikishaanza kuonekana kwa mtu hakitibiki. Usingoje dalili.

Idadi ipungue pia. Jike akiwa kwenye joto anakusanya madume wa vijiji vitatu, wanapigana, wanang'atana, na hapo ndipo ugonjwa unapopita. Mimba yake ni kama miezi miwili tu, na baada ya hapo una watoto sita usiojua utawalisha nini. Hasi madume usiowahitaji. Ongea na mtu wa mifugo, usifanye mwenyewe na kisu.

Ukiona macho ya mbwa yanaingia ukungu wa bluu na anakonda, usiseme karogwa. Maeneo yenye mbung'o inaweza kuwa nagana, na mbwa wanakufa nayo haraka. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa na fizi zimepauka, fikiria homa ya kupe. Yote mawili, wahi dawa.

Halafu ninyi mnaofuga nguruwe nyumbani. Mbwa wakiua nguruwe pori, usilete mzoga uani na kutupa matumbo karibu na banda. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika wakiwa wazima kabisa, lakini wako watakufa wote na haina tiba. Na mbwa usiwape matumbo mabichi ya mnyama yeyote, wanapata tegu na kuwaletea watoto wako.

Kuna walioninong'ona kwamba natetea majangili. Hapana. Vijana wanaokusanya mbwa kumi na wawili Jumapili na kuingia hifadhini kutafuta paa, hao sipo upande wao. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, na askari akikukuta na mbwa ndani ya hifadhi usinipigie simu. Mimi naongelea mbwa anayekaa ndani ya mipaka ya shamba lako. Nguruwe wakizidi, toa taarifa serikali ya kijiji ili watu wa wanyamapori waitwe. Na mahindi yenye sumu ya wadudu mnayoyatega njiani, acheni. Yanaua mbwa wa jirani na tumbusi, na kesho mtoto atayaokota.

Ndugu zangu Waislamu wananiuliza kuhusu najisi. Mimi si sheikh, ila masheikh niliowauliza wamenijibu kwamba mbwa wa kulinda shamba na mifugo ana ruhusa. Akae nje, chombo chake kiwe mbali na vyombo vya nyumbani.

Mwaka huu siandiki namba mezani. Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba, vitongoji viwili tayari, na nimeshafika mbwa 71 kabla sijapanda juu. Kama sijafika kwako, nitumie ujumbe mapema wiki hii: una mbwa wangapi, wa chini ya miezi mitatu wangapi, uko kitongoji gani. Orodha naipeleka Ijumaa.