Mtoto anaposema ni saa saba asubuhi

Kama una saa ya ukutani hapo nyumbani, mwite mwanao aliye darasa la kwanza au la pili, umsimamishe mbele yake kesho asubuhi kabla ya kwenda shule. Mshale mfupi uwe kwenye 7, mrefu uwe kwenye 12. Muulize ni saa ngapi. Huenda akakujibu bila kusita, "Ni saa saba."

Usimcheke, wala usimwite mjinga mbele ya ndugu zake. Alichofanya ni kusoma kilichoandikwa. Sisi tunaotumia Kiswahili huwafundisha watoto mambo mawili kwa mpigo mmoja: kusoma nambari, na kutoiamini nambari waliyoisoma. Katika somo la hesabu, linalofundishwa kwa Kiingereza katika shule nyingi za mijini, mwalimu amemwambia kwamba mshale ukiwa kwenye 7 basi ni saba. Kengele inalia, anafungua kitabu cha Kiswahili, picha ni ileile, mshale ni uleule, na jibu sasa ni saa moja. Akiuliza kwa nini, aghalabu huambiwa, "Ndivyo ilivyo." Jibu kama hilo halimsaidii mtoto. Sababu ipo, na ni nzuri, ila ukutani haionekani vizuri. Inaonekana vizuri zaidi mahali kama Chundwa.

Chundwa ni kijiji katika kisiwa cha Pate, kwenye visiwa vya Lamu, si mbali na Faza. Kutoka Lamu mjini huwezi kwenda huko ila kwa chombo, na njia ya kawaida hupitia Mkanda, mlango mwembamba wenye mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, chombo kikubwa hukwama. Kwa hiyo msafiri anauliza kwanza habari za maji. Nayo maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Yakijaa leo saa tatu asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa nne, na kesho kutwa karibu na saa tano. Mtoto anayekua huko anajua kwamba wakati ni kitu kinachotembea, kabla hata hajashika saa mkononi.

Tena kuna adhana. Katika kisiwa hichohicho cha Pate kuna magofu ya Shanga, ambako mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta misingi ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Yaani siku imekuwa ikigawanywa kwa sala tano kisiwani humo kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya mtu kutundika saa ukutani. Adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka katikati ya mbingu. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiondoa kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Magharibi ni jua kutua. Isha ni wekundu wa magharibi kupotea. Hakuna betri hapo wala umeme.

Sasa hiyo sababu. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu pale jua linapotoka. Saa moja baadaye ni saa moja. Mbili baadaye, saa mbili. Jua likiwa utosini ni saa sita. Likitua ni saa kumi na mbili, na hesabu inaanza upya: saa moja ya usiku. Hesabu hii inafaa kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Chundwa iko kama digrii 2 tu kusini ya mstari huo, na mwaka mzima jua la huko halitoki mbali na saa kumi na mbili. Tofauti kati ya siku linapowahi na siku linapochelewa ni kama nusu saa. Hebu jaribu hesabu hiyo London, ambako mwezi wa Juni jua hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na mwezi wa Desemba hutoka karibu na saa mbili! Waturuki nao walihesabu saa zao kuanzia jua kutua, ikawabidi kila mara kuzirekebisha, hadi walipoacha rasmi mwaka 1926. Sisi hatukuhitaji kurekebisha kitu. Waethiopia wanahesabu kama sisi, na Waganda pia.

Wakristo watakaosoma haya wafungue Injili ya Marko, sura ya 15. Giza liliingia saa sita likaendelea hadi saa tisa. Msomaji wa Kiswahili haelezwi kitu: anajua ni mchana wa jua kali. Vivyo hivyo wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, walioajiriwa saa kumi na moja. Tunajua mara moja kwamba jua lilikuwa karibu kutua, ndiyo maana wenzao walinung'unika. Msomaji wa Kiingereza hana budi kufafanuliwa jambo hilo.

Basi tuje nyumbani. Ushauri wangu ni kwamba usianze na saa. Anza na siku, kama mtoto wa Chundwa. Kwa wiki nzima taja saa kwa sauti kila jambo linapotendeka: "Ni saa moja, basi la shule limefika." "Ni saa sita, jua liko kichwani." "Ni saa kumi na mbili, jua linatua, ingia ndani." Jumamosi simika kijiti uani, au hata kwenye paa la ghorofa kama huna ua, mtoto aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli saa tatu, saa sita na saa tisa. Ataona kivuli kirefu cha asubuhi kikifupika, kisha kikirefuka tena upande wa pili. Hapo amepata maana ya saa sita.

Wiki ya pili chukua kipande cha boksi, chora duara kwa kufuatisha ukingo wa sahani, andika nambari 1 hadi 12 kwa wino mweusi kama zilivyo kwenye saa. Kisha, kwa ndani, andika kwa rangi nyekundu nambari za Kiswahili: chini ya 7 andika 1, chini ya 8 andika 2, na kuendelea hadi 12 nyeusi ipate 6 nyekundu. Mtoto mwenyewe atagundua jambo, na tafadhali mwachie alitambue: nambari nyekundu daima ni ile iliyo upande wa pili wa duara. Mkabala wa 7 ni 1. Mkabala wa 9 ni 3.

Tia mshale mmoja tu, ule mfupi. Hili nalisisitiza. Saa za kale za minara ya Ulaya zilikuwa na mshale mmoja, na watu waliishi nazo. Wa dakika ulienea baada ya Christiaan Huygens wa Uholanzi kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656, iliyokuwa sahihi kiasi cha kustahili dakika. Mtoto naye na aishi na mshale mmoja kwa siku kadhaa. Akiuona kati ya 7 na 8, aseme, "Imepita saa moja, haijafika saa mbili." Akilishika hilo, kosa la kuita saa moja na nusu "saa mbili na nusu" halitamsumbua sana.

Ndipo ulete mshale mrefu, na hapa ndipo wazazi wengi huvuruga. Humwambia mtoto, "Geuza, tazama upande wa pili," naye, kwa utiifu wake, hugeuza mishale yote miwili. Mrefu ukiwa kwenye 3 huupeleka kwenye 9, na robo saa inakuwa kasorobo. Mweleze wazi: mshale mfupi tu ndio una majina mawili, la Kiingereza na la Kiswahili. Mrefu una jina moja kwa watu wote. Ukiwa kwenye 3 ni robo. Kwenye 6 ni nusu. Kwenye 9 ni kasorobo. Fanya naye zoezi hili: mfupi umekaribia 9, mrefu uko kwenye 9. Jibu ni saa tatu kasorobo. Akiliweza hilo, mnunulie andazi.

Na simu? Simu zimefika hadi Chundwa, na huko shida ni ya kinyume. Mtoto anayeijua saa ya Kiswahili barabara anaweza kuletewa ratiba ya mtihani iliyoandikwa 2.00, akadhani ni saa mbili, kumbe ni saa nane mchana. Mfundishe kutoa sita. Simu ikiandika 14:00, toa sita, zabaki nane: saa nane. Ikiandika 07:00, yabaki moja. Njia hii haina tatizo kuanzia 07:00 hadi 18:00. Za usiku afundishwe baadaye, asichanganywe mapema.

Kuna watakaosema, kwa nini tujisumbue? Mtoto wa mjini atumie saa ya Kiingereza, yaishe. Mimi sikubali. Fikiria mama aliyekwenda kazini akamwachia binti wa miaka kumi mtoto mgonjwa na chupa ya dawa, ambayo hutolewa kila baada ya saa nane. Akimpa saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni, na ya tatu saa sita usiku. Binti asiyejua vizuri anaweza kuelewa kwamba dawa inatolewa saa nane basi, mara moja mchana. Au akasikia saa mbili akatazama 2 kwenye saa ya ukutani. Hilo ni jambo la afya ya mtoto. Kwa hiyo unapotoa maagizo ya dawa, usiishie kutaja saa. Sema, "Saa mbili, jua likiwa bado upande lilikotoka," kisha mwonyeshe kwa kidole mahali mshale mfupi utakapokuwa.

Na kwa kuwa tumefika hapo, walimu wa Kiswahili wanisamehe kwa neno moja. Watoto wakisema "masaa nane" tunawapiga wino mwekundu, kwani sarufi haina neno hilo. Sawa. Lakini tazama wanachojaribu kufanya: wanatenganisha muda wa saa nane na wakati wa saa nane. Akili yao ni njema. Badala ya kumkemea tu, mpe neno muda: "muda wa saa nane". Atakuwa amepata alichokitafuta.

Jambo la mwisho, hasa kwa familia zenye jamaa pwani. Kule siku mpya huanza jua likitua. Ukialikwa harusi usiku wa Ijumaa, usifike Ijumaa jioni na zawadi yako. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Utakuta majamvi yameshakunjwa. Uliza kabla ya kukata tiketi, na mtoto akusikie ukiuliza.

Leo saa moja usiku, taarifa ya habari ya Kiswahili inapoanza, mtume mwanao akaangalie mshale mfupi uko wapi. Arudi akuambie nambari nyeusi na nambari nyekundu kabla ya msomaji habari kufika habari ya pili.