KOMPYUTA HII INAMWONA NANI?

NDUGU msomaji, mwanao akikwambia kwamba chuo kikuu anasomea kuifundisha kompyuta kuona, usikimbilie kupiga makofi. Muulize kwanza: imefundishwa kwa picha za nani?

Joy Buolamwini, binti mwenye asili ya Ghana, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Programu ya kutambua sura haikuuona uso wake. Alipovaa kinyago cheupe, ikamwona! Angeweza kunyamaza, achukue shahada yake aende zake. Hakunyamaza.

Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru walipima programu tatu za makampuni, zilizodai kutofautisha mwanamume na mwanamke kwa sura. Walitumia picha za wabunge 1,270 wa nchi sita, zikiwamo Rwanda na Senegal. Kwa wanaume weupe, hakuna iliyokosea hata mara 1 kati ya 100. Kwa wanawake weusi, moja ilikosea karibu mara 35. Na bado tunaambiwa mashine haina ubaguzi!

Si mchezo huu. Januari 2020, polisi wa Detroit walimtia mahabusu mtu mweusi kwa wizi wa saa asioufanya, eti kompyuta imemfananisha.

Hatusemi somo lifutwe. La hasha! Tunataka vijana wetu walisome, tena kwa wingi. Lakini wahadhiri wasimpe mwanafunzi alama hata moja kwa programu yake kabla hajaonyesha inawakosea watu gani.